Skrubu, DHS, msumari au nyonga bandia? Tathmini ya vyuma vya nyonga kwa wazee

Mzee akivunjika nyonga, ndugu hukusanyika wodini na swali huwa moja: awekewe chuma gani? Mmoja amesikia msumari ndio wa kisasa. Mwingine kaambiwa nyonga bandia inamaliza kila kitu. Hakosekani na anayesema kwa umri huu aachwe tu, avutwe mguu kwa uzito mpaka mfupa ushike. Hapa tunalinganisha njia nne: skrubu tatu, DHS (bamba la ubavuni lenye skrubu inayoteleza), msumari wa ndani ya mfupa, na nyonga bandia. Tunawaandikia wauguzi, madaktari walio mafunzoni, na ndugu wanaotaka kuelewa wanachokisaini kwenye fomu ya ridhaa.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Kila kimoja cha vyuma hivi ni kizuri mahali pake, na kila kimoja huharibu mambo kikipelekwa pasipo pake. Kinachoamua ni mstari wa ufa kwenye eksirei, kisha mkono wa daktari. Jina la kiwanda na upya wa chuma vinafuata kwa mbali.

Kabla ya chuma, eksirei

Picha moja haitoshi. Zinatakiwa mbili: ya mbele, ikionyesha nyonga zote mbili, mguu ukiwa umegeuzwa ndani kiasi cha digrii 15 ili shingo ya mfupa ionekane kwa urefu wake, na ya ubavuni. Bila ya ubavuni, kichwa cha paja kilichoinamia nyuma hakionekani, na mvunjiko uliosogea unatibiwa kana kwamba umetulia.

Ufa ukipita kwenye shingo ya mfupa wa paja, ndani ya kifuko cha kiungo, tatizo kubwa ni damu. Mishipa inayolisha kichwa cha paja hupanda ikiwa imeshikamana na shingo hiyo. Shingo ikisogea, mishipa hukatika au hujikunja, na kichwa kinaweza kufa hata kama chuma kimewekwa kwa ustadi wote. Mgawanyo wa Garden wa mwaka 1961 bado unatosha kwa uamuzi: daraja la 1 na la 2 mfupa haujasogea, la 3 na la 4 umesogea.

Ufa ukipita chini ya shingo, kwenye zile nundu mbili ziitwazo trokanta, damu ipo ya kutosha na mfupa utaunga. Hapo tatizo ni nguvu. Misuli inavuta mguu juu na kuugeuza nje, uzito wa mwili unakiinamisha kichwa kwa ndani, na chuma lazima kibebe mzigo huo mpaka mfupa ushike. Mivunjiko hii imegawanywa A1, A2 na A3. A1 ni vipande viwili, imetulia. Kwenye A2 trokanta ndogo imebanduka na ukuta wa nje wa mfupa umebaki mwembamba. Kwenye A3 ukuta wenyewe umepasuka; wakati mwingine ufa unakwenda kinyume, kutoka juu upande wa ndani kushuka nje. Herufi na namba hizo ndugu wanaweza kumuuliza daktari bila kuona haya, maana chuma chote kinachofuata kinategemea hapo.

Skrubu tatu

Huu ndio upasuaji mdogo kuliko yote: kidonda kifupi, damu kidogo, muda mfupi thieta. Skrubu zenye tundu katikati, za milimita 6.5 au 7.3, zinapitishwa juu ya waya elekezi na kupangwa pembetatu iliyogeuzwa, moja chini na mbili juu. Ya chini ilale karibu na ukuta wa chini wa shingo, na ya nyuma karibu na ukuta wa nyuma. Zote ziwe sambamba, ili shingo ikijifupisha ziteleze kwa pamoja. Hesi (meno ya skrubu) zote zivuke ufa. Hesi chache zikibaki upande wa nje wa ufa, skrubu itazuia vipande visikaribiane badala ya kuvibana.

Makosa mawili yanajirudia. La kwanza ni kuingiza waya chini ya usawa wa trokanta ndogo, au kutoboa mara tatu, mara nne, ukitafuta njia. Matundu hayo yanaudhoofisha mfupa mahali unapobeba mzigo mkubwa, na paja linaweza kupasuka hapo mgonjwa akianza kutembea. La pili ni kuzitumia kwa mzee mwenye mvunjiko uliosogea, kwa kuwa tu ni rahisi na zipo kabatini. Kwa wazee wa namna hiyo, takribani mmoja kati ya watatu hurudi thieta baada ya kufungwa kwa skrubu, ama mfupa umekataa kuunga ama kichwa kimekufa. Kumrudisha mzee thieta mara ya pili kwa ajili ya jambo lililotabirika ni kumwonea.

Je, DHS ni bora kuliko skrubu kwenye shingo isiyosogea? Utafiti wa FAITH uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2017 uliwagawa kwa kura wagonjwa 1,108 wa miaka 50 na zaidi. Ndani ya miezi 24, waliorudiwa upasuaji walikuwa asilimia 20 kwa DHS na 22 kwa skrubu. Kwa jumla hakuna tofauti ya maana. Ila wavutaji sigara, na wenye ufa ulio chini kabisa ya shingo, walinufaika zaidi na DHS. Kwa Garden 1 na 2, basi, tunazikubali skrubu tatu bila wasiwasi. Ufa ukiwa kwenye kitako cha shingo, tunataka DHS.

DHS, na kwa nini bado tunaipenda

DHS ni skrubu moja nene inayoingia kichwani, ikiteleza ndani ya bomba la bamba lililofungwa ubavuni mwa paja kwa pembe ya digrii 135. Mgonjwa akikanyaga, skrubu inarudi nyuma ndani ya bomba na vipande viwili vya mfupa vinabanana. Huko kuteleza ndiko kunakoiokoa: mfupa ukijikusanya, chuma kinaufuata badala ya kutoboa kichwa.

Kwa A1, na kwa A2 yenye ukuta wa nje mnene, hatuoni sababu ya kutafuta kingine. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2011 ulishasema hivyo: bamba lenye skrubu inayoteleza kwanza, msumari ubaki kwa mivunjiko ya chini ya trokanta ndogo. Utafiti wa INSITE uliochapishwa 2023, wenye wagonjwa 850, uliilinganisha DHS na msumari wa Gamma3 na haukukuta tofauti ya maana katika hali ya maisha ya wagonjwa. DHS ni ya bei nafuu, vyombo vyake ni vichache, na daktari akishaifundishwa vizuri haimsumbui.

Kazi yenyewe inaamuliwa kabla ya kisu. Mgonjwa analazwa kwenye meza ya kuvuta, mguu unavutwa kisha unageuzwa ndani taratibu, na si-amu (ile mashine ya eksirei ya thieta) inaonyesha kama vipande vimekaa. Pembe ya shingo ikiwa bado imeinamia ndani, usikate. Bamba halitanyoosha kitu ambacho meza imeshindwa kunyoosha.

Waya elekezi ukae katikati ya kichwa kwenye picha zote mbili na ufike karibu na gegedu. Kipimo kikisoma milimita 105, kekee inafungwa 95 na skrubu inayochukuliwa ni ya 95. Ufa ukiwa kwenye kitako cha shingo, waya wa pili unapita juu sambamba ili kichwa kisizunguke skrubu inapokazwa. Kekee inapoingia, tazama si-amu: waya hunaswa ndani ya kekee ukasukumwa kwenye fupanyonga, na huko kuna mishipa mikubwa na kibofu. Kekee inapotoka, tazama tena, maana waya hutoka nao na njia ikapotea. Bamba lenye matundu manne ndilo la kawaida, ingawa kwa A1 mawili yanatosha. Skrubu za ubavuni ni za milimita 4.5 na tundu lake hutobolewa kwa 3.2.

Sasa kipimo ambacho tungependa kila picha ya baada ya upasuaji ipimwe nacho. Baumgaertner na wenzake walikieleza mwaka 1995. Chukua umbali kutoka ncha ya skrubu hadi kilele cha kichwa kwenye picha ya mbele, ongeza umbali huohuo kwenye picha ya ubavuni, ukirekebisha ukuzaji wa picha kwa unene wa skrubu unaoujua. Jumla isizidi milimita 25. Katika mivunjiko 198 waliyoichunguza, hakuna skrubu iliyokuwa ndani ya kipimo hicho iliyochomoza kichwani. Tisa mbele na nane ubavuni ni 17, lala salama. Kumi na tano na kumi na nne ni 29, na kwa mfupa wa mzee uliokwisha kama ubao ulioliwa na mchwa, skrubu hiyo itapanda juu na kutoboa kichwa. Ni hesabu ya dakika moja, na inatuuma kuona inavyorukwa.

DHS inaposhindwa bila kosa la kipimo, mara nyingi ukuta wa nje ndio uliovunjika. Upime kabla: shuka sentimita tatu kutoka kwenye kinundu cha juu cha trokanta kubwa, kisha pandisha mstari kwa digrii 135 hadi ukutane na ufa. Ukiwa milimita 20.5 au chini, kekee nene ya DHS inaweza kuupasua palepale mezani. Ukishapasuka, paja linateleza ndani, mguu unafupika, na skrubu haina tena cha kuegemea. Palm na wenzake mwaka 2007 walionyesha ukubwa wa hasara hiyo: waliovunjika ukuta wa nje walirudiwa upasuaji asilimia 22, waliobaki na ukuta mzima asilimia 3. Kwa A3, DHS ni chuma kisichofaa kabisa. Tumelisema kwa ukali kwa sababu bado inawekwa.

Msumari

Gamma, PFN, PFNA, TFN: majina ni mengi, wazo ni moja. Chuma kinapita ndani ya uwazi wa mfupa wa paja, na skrubu au bapa moja, au skrubu mbili, hupita humo kwenda kichwani. Kwa kuwa kiko karibu zaidi na mstari wa uzito, kinakunjwa kwa nguvu ndogo kuliko bamba la ubavuni. Tena msumari wenyewe unakuwa ukuta wa nje: paja halina pa kuteleza. Kwa A3, kwa ufa uliokwenda kinyume na kwa mivunjiko ya chini ya trokanta ndogo, huu ndio uchaguzi wetu, na kwa A2 yenye ukuta mwembamba pia.

Matatizo yake huanza kwenye mlango. Tundu la kuingilia linatakiwa kwenye ncha ya trokanta kubwa, au ndani kidogo ya ncha, kamwe si nje yake. Kekee ina tabia ya kukimbilia nje kwa sababu ufa uko hapohapo na mfupa ni laini. Inakula ukuta wa nje, msumari unaingia umeegemea, na kichwa kinainama ndani. Nyoosha kwanza, toboa baadaye. Asiyeweza kunyoosha kwa meza afungue kidonda kidogo na kushika vipande kwa koleo. Msumari ukishaingia kwenye mfupa uliopinda, unaufunga mfupa katika upindo huo.

Misumari ya Gamma ya kwanza, ya mwishoni mwa miaka ya 1980, ilisifika vibaya kwa kupasua paja kwenye ncha ya chini. Ya sasa imepunguza sana tatizo hilo, lakini halijaisha. Msumari mrefu una hatari yake: paja la mzee limepinda mbele, na kama msumari umenyooka kuliko mfupa, ncha yake inagonga ukuta wa mbele juu ya goti. Piga picha ya ubavuni ya goti kabla ya kumaliza. Misumari yenye skrubu mbili za kichwani ina mwenendo wake mbaya: ya juu huingia ndani hadi kutoboa kiungo huku ya chini ikirudi nje, au kinyume chake. Kwenye Gamma, kiskrubu cha juu kinachozuia skrubu ya kichwa isizunguke hukazwa kisha kurudishwa robo mzunguko. Kisiporudishwa, skrubu haitelezi, na faida yote ya kuteleza inapotea.

Hospitali zisizo na si-amu ya kuaminika, na Afrika Mashariki zipo, zina njia ya SIGN. Shirika hilo lilianzishwa na daktari Lewis Zirkle huko Richland, jimbo la Washington, mwaka 1999. Misumari yake hufungwa kwa mkono elekezi bila si-amu, na hospitali zinapokea vyuma vingine kwa kutuma picha za wagonjwa waliokwisha fanyiwa. Kwa paja lenyewe tunaupa alama za juu. Kwa trokanta kuna seti yake maalumu ya nyonga, lakini kulenga katikati ya kichwa bila picha ya ubavuni kunadai mkono uliozoea. Daktari anayeanza asianzie hapo.

Nusu nyonga bandia

Mzee mwenye shingo iliyosogea, Garden 3 au 4, asifungwe skrubu. Abadilishiwe kichwa cha paja, kikombe cha fupanyonga kinachokipokea kiachwe kilivyo; ndiyo maana ya nusu nyonga. Anaamka, anakanyaga, hana mfupa wa kusubiri uunge.

Ubishi uliobaki ni saruji ya mfupa, ile inayokishika chuma ndani ya paja. Chuma cha Austin Moore, kinachopigwa ndani bila saruji, kimedumu katika hospitali nyingi kwa sababu ni cha bei ndogo na ni chepesi kuweka. Hatukipendekezi tena pale penye njia nyingine. Kinalegea, paja linauma kila mgonjwa akikanyaga, na kukigonga kiingie kwenye mfupa dhaifu kunaupasua. Utafiti wa WHiTE 5 wa Uingereza, uliochapishwa 2022, ulilinganisha nusu nyonga za kisasa zenye saruji na zisizo nayo kwa wagonjwa 1,225 wa miaka 60 na kuendelea. Wenye saruji walikuwa na hali bora ya maisha baada ya miezi minne, na mfupa kuzunguka chuma ulivunjika kwa asilimia 0.5 tu, dhidi ya 2.1.

Saruji nayo ina adabu yake. Pakiti ya kawaida ni gramu 40 za unga na mililita 20 za kimiminika. Uwazi wa mfupa unaoshwa kwa maji ya shinikizo mpaka yatoke meupe, unakaushwa, na kizibo kinawekwa chini ya mahali ncha itakapofika. Saruji inajazwa kwa bunduki kutoka chini kupanda juu. Kabla ya kujaza, mwambie wa dawa ya usingizi kwa sauti, naye ajibu. Mafuta na hewa vinavyosukumwa kwenye damu wakati huo vinaweza kushusha presha ghafla, hata kusimamisha moyo. Mgonjwa mwenye moyo au mapafu mabaya aandaliwe kabla: maji ya kutosha mwilini, dawa za kupandisha presha zikiwa mkononi, na saruji isisukumwe kwa nguvu kupita kiasi.

Kichwa kilichotolewa kipimwe kwa pete za kipimo, kisikadiriwe kwa macho. Chuma kikubwa kuliko kikombe kinabana na kuuma. Kidogo mno kinakula gegedu katikati. Kichwa chenye viungo viwili kinauzwa ghali zaidi na hakijaonyesha faida inayostahili bei hiyo kwa mzee wa kawaida. Fedha hizo zinunue saruji. Kuhusu njia ya kuingilia, ya ubavuni ina hatari ndogo ya nyonga kuchomoka kuliko ya nyuma, kwa gharama ya kuchechemea kwa baadhi.

Nyonga bandia kamili, ambapo kikombe nacho hubadilishwa, ni ya mzee aliyekuwa akitembea nje mwenyewe, mwenye akili timamu na afya ya kuhimili upasuaji mrefu. Utafiti wa HEALTH wa 2019 wenye wagonjwa 1,495 ulipata upasuaji wa ziada ndani ya miezi 24 kwa asilimia 7.9 ya waliowekewa kamili na 8.3 ya nusu. Familia isikope kwa kuamini kwamba nusu ni ya maskini.

Kuvutwa kwa uzito, na kusubiri

Kumlaza mzee wiki sita hadi kumi na mbili mguu ukivutwa ni tiba yenye madhara makubwa kuliko yote tuliyotaja: vidonda vya mgongoni, nimonia, damu kuganda miguuni, na mguu unaounga ukiwa mfupi umegeukia nje. Hata kuvuta kwa siku chache kabla ya upasuaji hakujathibitika kupunguza maumivu. Ganzi ya mbele ya paja hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Upasuaji ufanyike ndani ya saa 48. Utafiti wa HIP ATTACK wa 2020, wagonjwa 2,970, ulijaribu kuharakisha hadi takribani saa sita. Vifo havikupungua, ila waliochanganyikiwa akili walikuwa wachache na walikaa hospitali muda mfupi zaidi. Hivyo saa chache za kurekebisha sukari au kusubiri damu si mkosi. Wiki mbili za kusubiri chuma kinunuliwe ni hatari.

Baada ya upasuaji mgonjwa asimame kesho yake kwa kitembezi na aweke uzito kadiri anavyoweza. Akiambiwa asikanyage wiki sita, uliza kwa nini, kwa sababu mzee hawezi kuruka kwa mguu mmoja na maana yake ni kitandani. Dawa ya kuzuia damu kuganda huendelea hadi siku 35. Mfupa uliovunjika kwa kuanguka chini kutoka wima ni dhaifu mwili mzima; sindano ya zoledroniki asidi ya miligramu 5 mara moja kwa mwaka, ikianza ndani ya siku 90 baada ya upasuaji, ilipunguza mivunjiko mipya kwa asilimia 35 katika utafiti wa mwaka 2007. Vitamini D irekebishwe kwanza, na figo zipimwe.

Picha za kufuatilia zipigwe wiki ya sita na ya kumi na mbili. Maumivu mapya ya kinena kwa mtu aliyekuwa ameanza kutembea vizuri, au mguu unaozidi kufupika, yasisubiri tarehe ya kliniki: skrubu inaweza kuwa imeanza kutoboa kichwa, na kila siku ya kukanyaga inaharibu kikombe. Omba pia vibandiko vya pakiti za chuma vibandikwe kwenye kadi ya mgonjwa. Daktari atakayelazimika kukitoa atahitaji kujua ni cha kampuni gani na cha ukubwa gani, kwa sababu bisibisi ya mmoja haiingii kwenye skrubu ya mwingine.